Maharage Yaliyojikunja

Ijumaa, 7 Machi

Wifi,

Salamu nimezishikilia kwanza, utazipata ukinijibu vizuri. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nimekaa na kalamu. Karatasi haina kitufe cha kukata. Nimeiweka chini ya kreti tupu ya juu kabisa, na dereva anayeleta mazao yako ameahidi atakupa mkononi, hatamwachia mtu njiani.

Jana familia zimekuja kuchukua makapu yao hapa chumbani kwangu kama kila Alhamisi, wakipita kati ya cherehani na marobota ya vitambaa. Kapu lilikuwa la aibu. Nyanya chache, zenyewe kama vifungo vya koti. Maharage mabichi hakuna, wiki ya tatu hii. Vitunguu sasa, Mungu wangu, vitunguu mpaka kwenye korido. Yule muuguzi aliniangalia akasema, "Shangazi, hivi vitunguu nikivimaliza wagonjwa watapona wenyewe wanikimbie." Watu wakacheka. Mimi nikacheka kwa midomo tu. Kicheko cha watu wenye njaa nakijua, kinakuja kabla ya kuondoka.

Nikukumbushe unachokijua. Jumamosi ya tarehe 29 familia zote zinakaa hapa kwangu kuamua kama zinaendelea kulibeba shamba kwa michango yao msimu ujao au zinaacha. Wakiacha, huna pa kupeleka mazao. Utalikodisha kwa jirani yule mwenye trekta, na kabla mwezi haujaisha atakuwa ameshalipulizia sumu kuanzia mlangoni hadi mtoni. Shamba la kaka yangu.

Sasa nikuulize. Dereva amenionyesha tawi la mharage alilolichuma kwako. Majani yamejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, shina limepindapinda kama waya. Mimi si mkulima, lakini sijazaliwa jana. Mmea haujikunji hivyo kwa kiu. Umepiga dawa, wifi. Magugu yamekushinda, mikono imechoka, ukasema nipulizie kidogo tu pembeni, nani atajua.

Na uchungu wangu ni huu. Mwezi wa kumi na moja, siku ya kumkumbuka kaka, mimi niliyekuwa sikanyagi kwako nilikuletea gari zima la samadi. Nilimtafuta mfugaji nje kidogo ya mji, nikaishika kwa mkono wangu, imeiva, inanukia udongo. Nikasema kaka angeipenda kuliko shada lolote. Ukaitandaza kwenye matuta mazuri, dereva aliniambia. Halafu juu yake ukamwaga sumu. Kaka alikufa kifua kimejaa dawa za mashamba ya watu, wewe unajua kuliko mimi, wewe ndiye uliyekuwa unamkalisha kitandani apumue.

Nijibu.

Dada wa marehemu


Alhamisi, 13 Machi

Wifi yangu,

Mimi salamu sizishikilii. Nakusalimu, nawasalimu watoto, na yule mjukuu aliyekuwa anaumwa masikio namtaja kila asubuhi nikipiga magoti. Sasa tuje kwenye matusi yako.

Sijapiga dawa. Siapi, kwa sababu tumekatazwa kuapa, ila nakwambia hivi nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni, Mungu ananiona na kuku wananiona. Lile bomba la kupulizia alilokuwa anabeba kaka yako mgongoni wakati wa vibarua unalijua. Siku aliyoacha kazi ile alilikata kwa msumeno. Nusu ya chini namwagilia nayo miche mpaka leo. Dawa ningeipulizia kwa kitu gani, kwa kijiko?

Kwa magugu unayosema yamenishinda, njoo uone mikono yangu. Nafyeka, natandaza majani makavu, nang'oa. Kila tuta nalijua kama wewe unavyojua pindo la gauni. Wewe mwenyewe unajua kuwa nyanya hazikatwi kwa mkasi na maharage hayashonwi. Kaa na uzi wako, niachie udongo.

Kitu kimeingia, sikatai. Kwenye matuta ya juu, yale mazuri, maharage yameota yakajikunja, nyanya zimenyong'onyea kwenye ncha, mbaazi ndiyo usiseme. Mahindi yaliyo katikati yao yamesimama kama askari, na vitunguu vimenenepa, ndiyo maana unakula vitunguu. Nahisi ni upepo. Jirani huenda alipulizia upande wake, ukapeperusha. Nachunguza. Mungu akinifungulia nitakuambia.

Lakini kunituhumu mimi kwa kitu hicho, wifi, na jina la marehemu ukaliweka juu kama muhuri. Nililia nikifua, maji ya kufulia yakapoa. Unanijua tangu nikiwa mwali. Umekaa jikoni kwangu ukala. Ulichoandika huwezi kukifuta.

Wiki hii nimeweka maboga kwenye kapu. Waambie wasubiri.

Mke wa kaka yako


Ijumaa, 14 Machi

Wifi,

Maboga yamefika. Mwalimu mstaafu alilipiga piga lake kama anabisha hodi, akasema halijaiva. Nikamwambia wewe lile si boga, ni samahani.

Upepo umenichekesha. Dereva ni mtu wa kuongea akipewa chai. Anasema shamba la jirani limekaa na mabua makavu tangu avune, hajapanda, hajapulizia, trekta lenyewe liko juu ya mawe halina magurudumu. Upepo wako umetoka wapi, mbinguni?

Unaniambia unachunguza. Nakumbuka vizuri maneno yako ya namna hii. Mwaka ule nilikuwa napiga simu kila Jumapili baada ya ibada. "Kaka anaendeleaje?" "Anaendelea vizuri, wifi, amelala kidogo." Amelala kidogo. Miezi yote ile. Nilikuwa nakata vitambaa vya sare za shule, naimba, kumbe kaka yangu anageuzwa geuzwa kitandani kama mkate. Nilipofika nilikuta mmeshamfunika uso. Sikumwambia neno. Hata neno moja, hata lile la kijinga la "umekonda".

Basi nisikilize. Ulinificha ugonjwa wa kaka, sasa unanificha ugonjwa wa nyanya. Ndivyo ulivyo. Kwako kila kitu kinalala kidogo mpaka kimekufa.

Familia hizi nimezikusanya mimi. Nilienda mlango kwa mlango na tepu shingoni, nikawaambia kuna shamba halina sumu, mtakula linachotoa, likikosa mtakosa nalo, likipata mtapata nalo. Nikawaambia mkulima wake hasemi uongo. Hiyo ndiyo sentensi niliyoitamka nikiwa nimekaza meno, kwa ajili ya kaka. Tarehe 29 nitasimama mbele yao kuwaambia ukweli. Ukitaka uwe ukweli wako, uandike. La sivyo nitasema wangu.

Dada wa marehemu


Alhamisi, 20 Machi

Wifi,

Nimeshajua.

Si jirani, si upepo, na si bomba. Nimejua Jumatatu, nikathibitisha jana. Usiniulize zaidi ya hapo, nakuomba. Nimesema nakuomba, na unajua neno hilo halinitoki kirahisi mbele yako.

Nitawaandikia familia barua yenyewe, nitaifunga, itakuja na makapu ya wiki ijayo. Mpe mwalimu mstaafu aisome. Wewe Jumamosi ile nenda kwa mwanao, au fungua cherehani yako upande wa nyuma ushone, usikae pale. Nitakuja mwenyewe mjini nikipata mtu wa kuangalia kuku, nitakueleza ana kwa ana.

La kaka yako nakujibu mara moja tu. Yeye ndiye aliyeniambia. Alinishika kidole hiki cha mwisho, kwa kuwa mkono mzima ulikuwa unamchosha, akasema, "Dada yangu ukimwambia ataacha kazi, ataacha watoto, atakuja kukaa hapo kwenye kiti anililie nikiwa bado napumua. Mwache ashone." Nikamwahidi. Nilikosea kumtii? Nimemuuliza Mungu mara nyingi, hajanijibu, na wewe sikutegemea unijibu. Umenitukana kwa miaka miwili na nimenyamaza kwa sababu ningesema ungemchukia yeye, na maiti hana pa kujitetea.

Na chuki yako nimeibeba. Ila usidhani ni nyepesi.

Mke wa kaka yako


Ijumaa, 21 Machi

Wifi,

Niondoke kwenye chumba changu mwenyewe? Nimesoma mara mbili nikidhani macho yananidanganya.

Viti ni vyangu, chai ni yangu, mlango ni wangu, watu ni wangu. Wewe utume barua iliyofungwa kama ya mahakama, isomwe na mwalimu, mimi nikajifiche nyuma na cherehani kama mtumishi. Mimi ambaye mmoja wao akilalamika ndiye ninayechekwa sokoni.

Sasa sina shaka. Mtu asiye na hatia hafukuzi shahidi. Kama kaka alisema kweli maneno hayo utaulizwa na aliye juu, mimi sikuwepo, ulihakikisha sikuwepo.

Tuma barua yako. Itasomwa, na nitakuwa nimekaa kiti cha mbele.

Dada wa marehemu


Alhamisi, 27 Machi

Kwa familia zote za kapu,

Mwalimu, nakuomba uwasomee polepole, mwandiko wangu si mzuri na shule yangu mnaijua iliishia wapi.

Ndugu zangu, nawasalimu kwa upendo. Mmekuwa mnakula vitunguu na kuninyamazia, na Mungu awalipe kwa hilo. Nina deni la kuwaeleza.

Shamba limeingiwa na sumu. Aliyeiingiza ni mimi. Sikuipulizia. Nilitandaza kwenye matuta ya juu samadi ya ng'ombe iliyotoka nje ya shamba, na sikuijaribu kwanza. Niliitazama, niliinusa, nikaridhika. Ilikuwa nzuri kwa macho. Nimekuja kujua kwamba wale ng'ombe walilishwa majani makavu yaliyotoka shamba lililopigwa dawa ya kuua magugu. Dawa hiyo haimdhuru ng'ombe, inapita tumboni mwake inatoka na mavi, na mavi yakioza, dawa yenyewe haiozi. Inabaki inasubiri. Inaua mimea ya majani mapana, kama maharage, mbaazi, nyanya. Mahindi na vitunguu haivigusi, ndiyo maana mmeona vinastawi.

Nilijuaje. Tuta moja la mwisho samadi haikulifikia, nililiwekea mboji yetu ya majani, na maharage yake yako mazima. Nikachukua makopo, mengine nikatia ile samadi na udongo, mengine udongo mtupu, nikapanda maharage kwenye yote nikayaweka dirishani. Ya udongo yamefunguka mikono. Ya samadi yamefunga ngumi. Jambo hili la makopo kila mkulima wa shamba kama letu anatakiwa alifanye kabla hajapokea samadi yoyote. Marehemu alinifundisha. Sikulifanya, na sababu yake ni yangu mwenyewe.

Kitakachofuata ni hiki. Samadi iliyobaki naiondoa. Iliyoshachanganyika na udongo haiondoki, inataka muda, jua na wadudu wa ardhini waimalize, msimu mmoja au zaidi, mimi sijui, na atakayewaambia anajua anawadanganya. Muda huo matuta ya juu nitapanda mahindi na vitunguu tu, na mabua yake sitayapeleka kwenye mboji. Matuta ya chini yatatoa mboga, lakini kidogo. Makapu yatakuwa mepesi. Mkiniacha sitawalaumu. Mlijiunga mle chakula kisicho na sumu, na mimi ndiye niliyeileta ndani ya uzio.

Msimchukie aliye hapo mjini anayewapokea. Yeye hakujua lolote.

Mkulima wenu


Jumatatu, 31 Machi

Wifi,

Dereva anakuja leo kuchukua kreti zilizobaki, nimemwambia asubiri nje mpaka nimalize. Anapiga honi. Apige.

Nikueleze ilivyokuwa, kwa mpangilio, usije ukasimuliwa na mwingine.

Walijaa. Wengine walikaa juu ya marobota, mtoto mmoja alikaa juu ya meza ya kukatia. Mwalimu alishika bahasha yako, akatafuta miwani mfukoni. Nikamnyang'anya. Nikasema, "Mwalimu, macho yako yapumzike, hii naisoma mimi." Nikajiweka katikati, miwani puani, na kwa kweli wifi, nilikuwa nimevaa gauni zuri. Nilivaa kwa ajili ya kukuaibisha.

Nikaanza kwa sauti. Ulipoandika "aliyeiingiza ni mimi" nikashusha karatasi niwape nafasi ya kusikia. Nikawatazama mmoja mmoja kama kusema, mnaona. Halafu nikaendelea kwenye mstari unaofuata. Samadi ya ng'ombe iliyotoka nje ya shamba.

Wewe hufugi ng'ombe. Hujawahi. Samadi pekee ya ng'ombe iliyowahi kuingia pale kwako ni ya yule mfugaji, na iliingia kwa gari nililolituma mimi.

Niliendelea kusoma kwa sababu mdomo ulikuwa umeshazoea kwenda. Makopo, dirisha, mikono, ngumi. Nikafika pale kwenye "msimchukie aliye hapo mjini", nikashindwa. Mwalimu akaniambia, "Mama, kaa." Wakadhani nakuonea huruma.

Ndani ya chumba kile waliojua ni mimi na dereva tu, na dereva alikuwa anaangalia dari. Baadaye amekiri ulimtuma kwa mfugaji kuuliza habari za yale majani, na ukamkataza asinifikishie. Kwa hiyo ningeweza kukunja karatasi. Ulikuwa umenifunikia vizuri, mpaka pembeni umechomekea. Wangekulaumu wewe, ningegawa chai, Alhamisi ningefungua mlango kama kawaida.

Nikasimama tena. Nikawaambia, "Samadi niliipeleka mimi. Ilikuwa ya kumkumbuka kaka yangu. Mkulima hakuijaribu kwa sababu ilitoka kwangu, na mimi nilikuwa sijampa kitu chochote kwa miaka miwili." Hiyo ndiyo sababu yako uliyosema ni yako mwenyewe. Sivyo? Uliona gari, ukaona wifi amelainika, ukaona aibu kunitilia mashaka kwa kopo la maharage. Mjinga wewe. Ungeniwekea makopo mbele ya macho yangu ningekasirika siku moja.

Muuguzi na wenzake wengine kadhaa wameondoka. Alisema kwa heshima, ana mtoto anayeanza kula, hawezi kungoja ardhi ijitibu. Sikumshika. Yule mzee wa duka la baiskeli alisema alishaambiwa siku ya kwanza likikosa atakosa nalo, sasa limekosa, mshangao uko wapi. Wengi wamebaki nyuma yake. Mwalimu alilalamika anataka vitunguu viwe vidogo, vikubwa havimalizi, akabaki. Shamba litakwenda, kwa kujikongoja, lakini jirani na trekta lake la juu ya mawe ataendelea kungoja.

Usidhani tumeshapatana.

Nilipodhani umepiga dawa nilikuwa na hasira ya kawaida, hasira ya kuamka nayo ukanywa nayo chai. Hii ya sasa sijui niiweke wapi. Umenifanyia yale yale tena. Umekaa na jambo langu, jambo langu mimi, ukaamua siwezi kulibeba. Kaka alikushika kidole ukakubali. Sawa, nimesoma, nimesoma mpaka karatasi imelainika, ile sauti ni yake kweli, "mwache ashone", namsikia. Kwa hilo nimeanza kugombana na yeye, na nikimaliza naye nitajua nimebakiza nini kwako. Lakini safari hii hakuna aliyekushika kidole. Umejiamulia mwenyewe. Nani alikuambia mimi ni wa kulazwa kidogo?

Nimekutukana kwa kosa nililolipakia kwenye gari mimi mwenyewe. Hilo nitalibeba. Wewe usinisaidie kulibeba, ndicho ninachokuambia.

Wiki hii nakuja na gari la kurudisha kreti. Usipike, usitandike kitanda cha mgeni, usiwaambie majirani. Nimenunua koleo. Ile samadi nitaichota na kuitoa kwa mikono yangu, yote, na wewe utasimama pale unionyeshe mpaka wake, tuta kwa tuta, bila kunipunguzia hata moja. Na nikiwa nachota nitakuambia kila kitu nilichokuwa nakusudia kumwambia kaka, halafu vile ninavyokusudia kukuambia wewe. Vya kwako ni vikali.

Honi imezidi. Naenda kumpa barua hii.

Wifi yako